KAZI YA EMT (MHUDUMU WA DHARURA KWA AMBULENSI) MAREKANI: NAJIBU MARA MOJA TU, ALAFU MSINIULIZE TENA

Haya, mko aje watu wangu. Hizo honi mnasikia ni matatu, niko Umoja, nimepanda juu ya ploti ya mama pale kwa kamba za nguo kwa sababu hapa ndo watoto wa sista yangu hawajagundua. Nimekuja likizo ya wiki tatu na sikuwa nimepanga kushuti chochote, lakini asubuhi nimefungua komenti nikapata lile swali tena, "bro nimemaliza EMT hapa Nairobi, niunganishie kazi ya ambulensi huko Texas." Chini yake mwingine ameandika "huyu anatuficha njia." Njia gani jamani? Kama kuna njia basi mimi nilipita kwa mtaro kando yake.

Na kabla mtu aanze: sijigambi na silii. Video ya mwisho nilitaja mshahara mkasema najionyesha, nikasema mgongo unauma mkasema si nirudi basi niwaachie nafasi. Leo nitasema yote mawili, kila mtu ajichagulie tusi lake.

Mambo ya visa siingii, hiyo mnajua kunishinda. Mimi nilienda na grini kadi ya bahati nasibu, hakuna kampuni ilinitumia tiketi, na tangu nifike sijaona kampuni ya ambulensi ikimtoa EMT mpya nje ya nchi ati kuja kubeba stretcha. Mimi sijaona. Labda wewe utaona.

Sasa ile cheti yangu ya hapa. Nilikuwa nimeilamineti kwa saiba ya River Road, nikaibeba kwa mkoba wa mkononi kama pasipoti, nisiiweke kwa begi ikapotea. Nimefika Dallas nikaitoa kwa madaha yote, mama wa ofisi akaiangalia mbele, akaigeuza nyuma, akaniambia ni nzuri, sasa jiandikishe darasa. Nikaanza upya kuambiwa vile mtu anapimwa presha! Miezi minne ya jioni, dola 1,400, hiyo ni kama laki moja na elfu themanini za hapa, na mchana niko stoo napanga maboksi. Lakini sitadanganya, ilinisaidia, kwa sababu mtihani wao hauulizi kama unajua. Unaulizwa utafanya nini KWANZA, na majibu mawili yote yanakaa sawa.

Huo mtihani ni wa rejista ya kitaifa ya ma-EMT, inaitwa NREMT, wa kompyuta, na kompyuta inakupima ikikuangalia. Ukijibu vizuri inaleta gumu zaidi. Maswali ni kati ya 70 na 120 na inaweza kujizima mahali popote hapo katikati. Yangu ilijizima swali la 74, nikatembea hadi kwa gari nikijua nimeanguka, nikakaa hapo na joto lote la Texas, sikuwasha hata AC. Kumbe nimepita. Nililipa dola 104 za mtihani, na ukianguka unalipa tena, ukianguka mara tatu wanakurudisha kwa masomo kwanza.

Na kupita hapo si leseni, hii ndo watu hawaskii. Jimbo nalo linataka fomu yake, pesa yake na alama za vidole. Alafu kampuni inataka kadi ya huduma ya kwanza ya moyo na pumzi, ile ya wahudumu wa afya, si ile ya raia, niliona kijana kwa darasa letu amelipia ile ya raia na ikabidi amerudia. Alafu rekodi ya udereva ya hukohuko. Hapa nimeendesha Probox kutoka Nairobi hadi Kitale usiku na mvua, kule kwa bima mimi ni mtu hajawahi kushika stering. Kampuni mbili zilinikataa kwa hiyo tu.

Lakini yenye ilinitoa machozi ni kipimo cha TB, kampuni inakitaka kabla uanze kazi. Si sisi wote tuna hilo kovu la BCG mkono wa kushoto? Wale wanakudunga kitu kidogo chini ya ngozi wanangoja siku mbili tatu waone kama itafura. Yangu ikafura kama mandazi. Chanjo tu inaweza kufanya hivyo, na kwa karatasi yangu ikaandikwa pozitivu, yule dada alikuwa ananipima akaanza kusimama mbali na mimi. Nikaenda eksrei kwa pesa yangu, mapafu safi, nikapoteza wiki mbili na nafasi ikapewa mtu mwingine. Baadaye sana nesi mmoja Mghana ndo akaniambia kuna kipimo cha damu ambacho hakichanganywi na BCG, ningeuliza hicho tangu mwanzo. Kwa hivyo wewe uliza. Na ile kadi yako ya kliniki ya utotoni, itafute saa hii kabla usafiri. Mama alipindua sanduku lote la chini ya kitanda akitafuta yangu, akapata ya sista, akapata risiti ya redio ya 1994, yangu hakuna. Nikatolewa damu kuonyesha nina kinga ya surua.

Kazi yenyewe sasa. Mnaona king'ora kwa akili zenu. Kazi ya kwanza nilipata, na naona wengi wapya ndo wanaanzia hapo, ni kupeleka wagonjwa wa figo dayalisisi, kusafishwa damu, na kuwarudisha. Mzee mmoja nimempeleka Jumatatu, Jumatano, Ijumaa kwa miezi saba, namjua hadi timu yake. Lazima uandike kwa ripoti ni kwa nini huyu mtu hangeweza kwenda na gari ya kawaida, ukiandika "ni mgonjwa" tu inarudishwa, andika hawezi kuketi wima, andika anashikwa na watu wawili. Na sahihi, sahihi, sahihi. Bila hizo bima hailipi, na bima isipolipa bosi anakuangalia wewe. Nimewahi kurudi maili 30 kufuata sahihi ya nesi.

Mshahara nilianza na dola 16.50 kwa saa. Stoo nilikuwa napata 19. Ndio, nilishuka, kwa hiari yangu, na binamu yangu mmoja bado ananiita dereva wa wagonjwa kwa grupu ya familia, huyo huyo aliniomba fii ya mtoto Januari na nikatuma. Sisemi mengi, anaangalia hii video. Wengine wanatumia EMT kuingia hospitali kama fundi wa emajensi, wengine wanaenda uparamediki au unesi, wengine wanarudi stoo. Sijui yako. Mimi nilitaka nitoke kwa maboksi, hiyo ndo ilikuwa hesabu yangu yote, na ukiwa na watoto wa kulisha usinisikize.

Sasa shida ingine ni mama. Ameambia ploti nzima kijana wake ni daktari. Nimemwambia mama mimi si daktari, anasema "ni kitu moja." Juzi shosho wa chini kaja na dawa zake zote kwa karatasi ya nailoni, nimpangie. Nilimpima presha nikamwambia arudi kliniki kwake, akaenda akimwambia mama kijana amesomea Marekani lakini ni mchoyo wa dawa.

Ngoja, naitwa. Ndio mama! ... Nakuja! ... Wangapi? ... Mama, watatu? Mwambie aketi, asipewe chai kwanza, anywe baada ya kupimwa.

Haya, wacha nishuke. Maswali ya TB na mtihani niachieni hapo chini nitajibu usiku. Ya kuniunganishia, hapana.