Akiruhusiwa Hospitali, Nani Anampokea?

Ndugu mwenyekiti, ndugu washiriki, nashukuru kwa nafasi hii. Nimeombwa kuzungumzia fedha za huduma za afya na za ustawi wa jamii katika ngazi ya chini, na namna ya kuziunganisha. Nitaanzia wodini, maana huko ndiko utengano wa huduma hizi mbili unakoonekana kwa macho.

Chukueni bibi wa miaka 80 aliyevunjika nyonga. Amefanyiwa upasuaji, kidonda kimefunga, na Jumanne asubuhi daktari anapita na kuandika kwenye faili: aruhusiwe. Ijumaa bado yupo kitandani. Nyumbani kwake chooni hakuna vyuma vya kushikilia, na anahitaji mtu wa kumwogesha asubuhi na kumlaza jioni. Hospitali inasema hiyo si tiba. Ofisi ya ustawi wa jamii inasema maombi yamefika, tathmini bado, na fungu la robo hii limekwisha. Huku wakirushiana mpira, misuli ya bibi inalegea. Jumanne aliweza kusimama mwenyewe; Ijumaa anainuliwa na watu wawili.

Vyuma vile na fundi wa kuvifunga havifikii hata karibu na gharama ya siku hizo za kitanda. Kila mtu katika jengo lile anajua. Mbona basi havifungwi? Kwa sababu anayetoa fedha za vyuma siye anayeokoa fedha za kitanda. Ustawi wakitumia, nafuu inaonekana kwenye vitabu vya hospitali. Afisa anayekataa kusaini si mtu mbaya. Analinda fungu alilokabidhiwa, na ningekuwa kwenye kiti chake pengine nami nisingesaini.

Mpaka huo kati ya tiba na matunzo uliwekwa na sheria. Uingereza, tarehe 5 Julai 1948, sheria mbili zilianza kutumika siku moja. Moja ilileta matibabu ya bure kwa wote kupitia kodi. Nyingine iliwaachia halmashauri matunzo ya wazee na walemavu, zikiwa na ruhusa ya kutoza. Hadi leo England mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia matunzo yake, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu 2010. Ukiugua saratani unatibiwa bure. Ukipatwa na ugonjwa wa kusahau, unaodai mtu wa kukutazama usiku na mchana, unaweza kuishia kuuza nyumba.

Mwaka 2015 England wakajaribu mfuko wa pamoja wa afya na matunzo, uliofikia pauni bilioni 5.3 mwaka wa kwanza. Walipanga kupunguza wagonjwa wanaolazwa kwa dharura kwa 106,000. Badala yake wakaongezeka 87,000. Wengi husoma takwimu hizo na kusema kuunganisha hakufai. Mimi nasoma tofauti: sehemu kubwa ya fedha hizo haikuwa mpya, ilitoka kwenye bajeti za afya zilizokuwapo, na halmashauri zenyewe zilikuwa zinakatwa ruzuku miaka ile ile. Ukiunganisha akaunti mbili zenye upungufu, unapata akaunti moja yenye upungufu mkubwa zaidi.

Wengine watasema, basi tuunde taasisi moja. Ireland ya Kaskazini wanayo tangu 1973, afya na ustawi chini ya paa moja, na bado foleni zao za kusubiri matibabu ni miongoni mwa ndefu kabisa Uingereza nzima. Ndani ya nyumba moja hospitali huwa ndiye kaka mkubwa: foleni ya dharura inapigwa picha na kuoneshwa kwenye habari, ilhali mzee asiyeogeshwa siku tatu haonekani popote. Fedha zikipungua, mnajua nani anaachwa.

Ndiyo maana navutiwa zaidi na Japani. Mwaka 2000 walianzisha bima ya matunzo iliyojitenga na ya matibabu. Watu huanza kuchangia wakifika miaka 40. Nusu ya fedha ni michango, nusu ni kodi, na manispaa ndiyo inayoendesha. Mzee anapimwa kiwango cha uhitaji, kisha yupo mratibu anayempangia huduma. Si kwamba hawana matatizo: wahudumu ni wachache na michango inapanda. Ila hospitali haiwezi kuchota humo kuziba pengo lake.

Kwa hiyo, kwa walio hapa wanaoandaa makubaliano ya mfuko wa pamoja, ushauri wangu. Fungu la matunzo liwe na uzio wake. Mfanyakazi mmoja, muuguzi au afisa ustawi, apewe ruhusa ya kuidhinisha matumizi madogo hapo hapo wodini bila kusubiri kikao, na mapema, siku mgonjwa anapolazwa, si siku anayoruhusiwa. Na kabla ya kutia saini, andikeni nani atabeba hasara matumizi yakizidi fungu. Kipengele hicho hurukwa kwa sababu ya adabu, kila upande ukiogopa kuonekana haumwamini mwenzake, halafu robo ya tatu ikifika watu hawapokei simu. Wakaguzi wa hesabu nao waitwe mwanzoni. Wakiona kiwango cha mwisho cha kuidhinisha, jina la anayewajibika na risiti, mara nyingi hawana shida. Wanachokataa ni fedha zisizo na mwenyewe.

Nadhani muda wangu umefika. Karibuni maswali, hasa kutoka kwa wahasibu.