Washa Linux kwa Flashi Kwanza, Diski Isubiri

REHEMA: Karibuni tena kipindini. Mimi ni Rehema, niko na Salim kama kawaida. Leo tunaongea na wewe ambaye Linux, mfumo endeshi wa kompyuta kama ilivyo Windows, imekuvutia, ila kuigusa kompyuta yako unaogopa. Salim, wewe uliwahi kusakinisha bila kujaribu.

SALIM: Niliwahi, na iliniuma. Nilifuta diski nzima, nikasakinisha, kuja kuwasha, waifai haipo. Kadi yake ilitaka draiva, yaani programu ya kuiendesha, ambayo haikuja na mfumo, na draiva yenyewe iko kwenye intaneti. Sasa intaneti nitaipataje bila waifai? Ningeiwasha kwanza kwa flashi, ningeliona tatizo hilo kabla sijafuta hata faili moja.

REHEMA: Lakini wapo wanaohisi kwamba ukishawasha tu kwa flashi, tayari diski imeguswa.

SALIM: Haiguswi, mpaka wewe mwenyewe ubofye kitufe cha kusakinisha au uifungue diski uandike kitu. Mfumo mzima umebanwa ndani ya faili moja kwenye flashi, faili la kusomwa tu. Unachobadilisha kinakaa kwenye ramu, kumbukumbu ya muda inayofutika ukizima. Chukua ramani, itandikie plastiki angavu, chora juu ya plastiki. Ukiiondoa, ramani iko vilevile.

REHEMA: Kwa hiyo barua niliyoandika humo, nikizima, imekwenda.

SALIM: Imekwenda, isipokuwa uwe umetenga nafasi ya kuhifadhia kwenye flashi. Na jambo hili si la jana. Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, Linux ya kuwashwa kwa CD, mwaka 2000. Ilikuwa CD moja ya megabaiti 700, na kwa kubana data alitia humo karibu gigabaiti 2 za programu. Nami bado naona ni kazi ya kuheshimiwa sana.

REHEMA: Tuje kwenye kutengeneza flashi. Gigabaiti 8 zinatosha distro nyingi, yaani aina mbalimbali za Linux, na vilivyomo vyote vitafutwa, kwa hiyo hamisha picha zako kwanza. Kwenye Windows wengi wanatumia Rufus, programu ya kuandaa flashi. Mimi napenda Ventoy, maana unaitayarisha flashi mara moja, halafu unanakili mafaili ya ISO, yale unayopakua yenye mfumo mzima, kama unavyonakili nyimbo. Unaweka matatu, manne, unachagua wakati wa kuwasha.

SALIM: Kabla ya hapo, hakiki faili ulilopakua. Usiliruke hili, tafadhali. Februari 2016 wadukuzi waliingia kwenye tovuti ya distro ya Linux Mint, wakawaelekeza watu kupakua toleo la 17.3 Cinnamon lililokwisha kutiwa programu ya kupenyea. Kwenye Linux unaandika amri ya sha256sum na jina la faili, unapata herufi na tarakimu 64, unalinganisha na zile za watengenezaji. Zikitofautiana hata moja, pakua upya. Na kwa kuwa aliyeingia kwenye tovuti anaweza kubadilisha hata hizo tarakimu, sahihi ya kidijitali ya watengenezaji ndiyo kinga kubwa zaidi.

REHEMA: Na wenye Windows, kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, andikeni pembeni ufunguo wa kurejesha, ule wa tarakimu 48, kabla ya kugusa mipangilio ya UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta. Windows inaweza kuudai ikiona mabadiliko.

SALIM: Kweli kabisa. Halafu washa upya ukibonyeza F12, au Esc, au F9, inategemea mtengenezaji, uchague flashi. Skrini ikibaki nyeusi, rudi kwenye menyu uchague hali salama ya picha. Mara nyingi ni kadi ya picha tu inayosumbua.

REHEMA: Sasa tumeingia. Mtu anabadilisha picha ya ukutani, anasema, "Nimeipenda, nasakinisha."

SALIM: Hapo ndipo ninapomzuia mtu! Mandhari utayabadilisha siku yoyote, kadi ya waifai iliyogandishwa kwenye bodi hubadilishi. Unganisha waifai, cheza video, sikiliza spika, kisha chomeka visikilizi uone kama sauti inahama. Jirekodi kwa maikrofoni, ujisikilize. Vitufe vya mwanga wa skrini, kamera, Bluetooth, vidole viwili kwenye padi.

REHEMA: Na kifuniko.

SALIM: Kifuniko hasa. Kifunge, subiri dakika tano, flashi ikiwa bado imechomekwa, kisha kifungue. Nimeshika laptopu ambayo kila kitu kilikwenda vizuri, ila ikishalala haiamki: taa ya kitufe inawaka, feni inazunguka, skrini giza. Tulijaribu distro yenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, mpya zaidi kwenye flashi ileile, ikaamka. Tukasakinisha hiyo.

REHEMA: Ila kasi usiipime hapo. Flashi ni nzito kusoma kuliko diski ya SSD, programu itachelewa kufunguka. Hilo si kosa la distro.

SALIM: Wala usikimbie baada ya robo saa. Fanya kazi yako ya kweli humo siku nzima: fungua lahajedwali lako lenye fomula nyingi, chapisha ukurasa mmoja kwa printa yako.

REHEMA: Ukimaliza?

SALIM: Zima kama kawaida. Distro nyingi zitakuambia uchomoe flashi kisha ubonyeze Enter. Chomoa, bonyeza, na mfumo wako wa zamani utawaka kama ulivyouacha.