Meli Izame Kabla ya Saa Sita: Mchezo wa Kuigiza wa Usiku Mmoja

SHABANI: Karibuni tena, wasikilizaji, kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Mimi ni Shabani, na niko na dada Mwajuma. Leo tunazungumzia michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, ile ambayo msimulizi hueleza mazingira, wachezaji hutamka wanachofanya wahusika wao, na dadu huamua pale penye mashaka. Tutakaa kwenye aina moja tu, nayo ni mchezo unaoanza na kwisha usiku huohuo.

MWAJUMA: Ahsante, kaka Shabani. Nianze na sababu yetu wenyewe, kwa kuwa hatukuichagua aina hii kwa ujuzi bali kwa shida. Meza yetu ina wavuvi wawili wa dagaa na mama mmoja anayenunua mzigo Kibirizi alfajiri. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haiwavuti samaki, kwa hiyo watu wetu hupata nafasi siku chache tu katika mwezi. Ukiwaambia hadithi itaendelea mwezi ujao, mmoja atakuwa amesafiri, mwingine amesahau hata jina la mhusika wake.

SHABANI: Na michezo hii kwa asili hupenda kuendelea. Dungeons & Dragons, iliyotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, humlea mhusika kidogo kidogo, akipata nguvu kikao baada ya kikao. Hata hivyo kikao kimoja si jambo la juzi. Mwaka 1975, kwenye mkusanyiko wa wacheza michezo uitwao Origins mjini Baltimore, Gygax alipeleka kisa cha kaburi lililojaa mitego, kikachezwa kama mashindano: makundi mbalimbali, kaburi lilelile, muda uleule. Muda ukiisha, umeishia ulipofika.

MWAJUMA: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Msimulizi mgeni huandaa mwanzo mzuri sana, akachora ramani, akampa jina hata mlinzi wa geti, kisha saa sita usiku inamkuta bado yuko getini. Kwa maoni yangu, kazi ya msimulizi wa usiku mmoja ni kuulinda mwisho. Kila anachoongeza katikati anakichota kwenye mwisho.

SHABANI: Unanisema mimi, dada.

MWAJUMA: Nakusema wewe, lakini sasa waeleze wasikilizaji mwenyewe.

SHABANI: Niliandika kisa cha meli yetu. Wengi wanaijua Liemba, ila niikumbushe historia yake. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam, ikaletwa huku na kuungwa upya. Iliingia majini hapa Kigoma mwaka 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma, waliizamisha wenyewe ili isichukuliwe na adui, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine grisi nzito, wakitumaini kwamba siku moja zitaamka. Nikaona kisa hicho ni mchezo tayari. Nikaanza na wachezaji wakiwa stesheni, wakipokea masanduku ya vyuma.

MWAJUMA: Yaani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya meli kuzama.

SHABANI: Naam. Mmoja akaanza kupatana bei ya migebuka na mwanamke wa sokoni, mwingine akadai ujira wake kwa msimamizi, na wote tulicheka sana, siwezi kukana. Tulianza saa mbili. Saa tano na nusu meli ilikuwa haijaguswa na maji. Nikaizamisha kwa sentensi mbili, watu wakavaa viatu, wakaondoka.

MWAJUMA: Mara ya pili ulianza wapi?

SHABANI: Ndani ya chumba cha mashine, usiku, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Nilisema hivi: «Taa imening'inia upande kwa sababu meli imekwishaanza kulala. Una ndoo ya grisi mkononi. Juu yako mtu anapiga mlango. Unafanya nini?» Hakuna aliyeuliza bei ya migebuka.

MWAJUMA: Ninalolipenda katika kisa hicho ni kwamba kila mtu wa Kigoma anajua meli itazama. Wasimulizi wengi huogopa mwisho unaojulikana, wakidhani utaua hamu. Mimi naona unawaachia wachezaji swali moja zito, nalo ni nani atafanya nini kabla maji hayajafika shingoni. Wanaacha kubahatisha msimulizi ameficha nini, wanaanza kutazamana wao kwa wao.

SHABANI: Ili watazamane lazima uwape sababu. Wahusika wa usiku mmoja huandaliwa kabla, kwa kuwa kuwatunga mezani kunaweza kumeza saa nzima. Karatasi zangu zilikuwa nusu ukurasa tu. Mpishi anajua ufunguo wa stoo uko wapi. Mpakia kuni ameficha kitu ndani ya stoo hiyo. Fundi ameamriwa asimwache mtu yeyote chini. Na kila mmoja ana deni kwa mwenzake aliyeketi mezani, kamwe si kwa mtu ambaye hayupo.

MWAJUMA: Hilo la mwisho lina thamani kuliko kanuni zote. Deni kwa mfalme wa mbali litamlazimu msimulizi awe mfalme, na wachezaji wengine watakaa kusikiliza. Deni kwa jirani yako huendesha mchezo huku msimulizi akinywa chai.

SHABANI: Sasa tuseme juu ya mnara.

MWAJUMA: Kuna mchezo uitwao Dread, uliotoka mwaka 2005, ambao hauna dadu. Mhusika anapojaribu jambo la hatari, mchezaji huchomoa kipande kwenye mnara wa Jenga, ule mchezo wa vipande vya mbao vilivyopangwa, na kukiweka juu. Mnara ukianguka mkononi mwako, mhusika wako ametoka mchezoni. Jambo la kufurahisha ni kwamba Jenga ni neno letu lilivyo. Aliyeubuni, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa na kukulia Afrika Mashariki, na alipouzindua London mwaka 1983 aliuita kwa neno hilo la Kiswahili. Kwa usiku mmoja mnara unafaa kuliko dadu, maana unabeba saa ndani yake. Mwanzoni umesimama imara na kila mtu ana ujasiri, na kadiri usiku unavyosonga ndivyo unavyoyumba, bila msimulizi kuongeza neno.

SHABANI: Sisi tulichongesha wetu. Fundi seremala alitukatia vipande 54 vya mninga, nikashinda Jumapili nzima nikivipiga msasa. Havikulingana sawasawa, nikasikitika, kumbe tofauti ndogo za unene ndizo zinazouwezesha mchezo: kipande chembamba hulegea, kinene hubeba mzigo, nawe unapapasa kwa kidole kujua kipi ni kipi.

MWAJUMA: Ila tulikaa barazani.

SHABANI: Tulikaa barazani, upepo wa ziwa ukaja, mnara ukaanguka wakati hakuna aliyeugusa. Mabishano yalichukua dakika kumi. Mwishowe nikaamua kwamba meli imepigwa na wimbi, kila mmoja amepoteza alichokuwa nacho mkononi, na mnara ukajengwa upya ukiwa tayari umechomolewa vipande sita. Tangu siku hiyo tunacheza sebuleni.

MWAJUMA: Uamuzi ulikuwa mzuri, kwa sababu uliirudisha ajali ndani ya hadithi. Kuhusu muda, nieleze ninavyofanya. Naandaa matukio matatu, na lile la pili nimekubali moyoni kwamba naweza kulitupa. Habari ambayo wachezaji hawawezi kusonga bila kuijua naiweka sehemu tatu tofauti, kwa maana watapita sehemu mbili bila kuona. Ikifika saa tano na robo, popote tulipo, tunaingia tukio la mwisho.

SHABANI: Hata kama mtu yuko katikati ya jambo tamu?

MWAJUMA: Namkatiza kwa adabu. Utamu wa mmoja haulipi usiku wa watu watano. Tena katika usiku mmoja mhusika kufa si hasara, kwa kuwa hana kesho ya kutunzwa, kwa hiyo watu huthubutu mambo wasiyothubutu kwenye hadithi ndefu. Ukichelewa kufika mwisho, unawanyima nafasi hiyo ya kuthubutu.

SHABANI: Robo saa ya mwisho mimi nailinda kwa swali moja. Liemba iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la sasa. Basi meli ikishazama, namgeukia kila mchezaji na kumwambia: «Miaka minane imepita, meli inatolewa majini. Kwenye kona uliyokuwa umesimama, kinakutwa nini?» Fundi alisema ni ndoo ya grisi, tupu, imepigwa kifuniko. Mpakia kuni akakataa kujibu, akasema kitu chake alikichukua na hakituhusu.

MWAJUMA: Na mpishi?

SHABANI: Mpishi aliigizwa na yule mvuvi kijana, ambaye usiku wote hakuwa amesema maneno hamsini. Alifikiri kidogo, akasema: «Ufunguo wa stoo. Uko kwenye kitasa, kwa ndani.»

MWAJUMA: Ina maana hakutoka?

SHABANI: Mama wa Kibirizi alimuuliza hivyohivyo. Hakujibu. Alikuwa ameshaanza kuvirudisha vipande vya mninga kwenye boksi, vitatu vitatu, na sisi wengine tukabaki tumeishika chai iliyopoa.