Kuunga Helikopta ya Mi-24 ya Skeli 1/72 Kwenye Hewa ya Tanga

Karibu mezani, ndugu mtazamaji. Leo tunaunga modeli ya plastiki ya Mi-24, helikopta ya kivita ya Kirusi, skeli ya 1/72. Kila sentimita 1 unayoiona hapa ni sentimita 72 kwenye helikopta yenyewe, kwa hiyo panga kuu (rota nzima ya juu) lenye kipenyo cha mita 17.3 linashuka hadi milimita 240. Kazi hii si ya waja leo waondoka leo. Ukikaa nayo jioni jioni, hesabu wiki mbili, na sehemu kubwa ya muda huo ni kungoja vitu vikauke.

Vifaa vingi unavipata hapa hapa Ngamiani: kikata kucha, wembe, msasa namba 400, 600 na 1000, vibanio vya nguo, mipira ya kufungia noti, vijiti vya meno, pamba za masikio na gundi nyeupe ya mbao. Cha kuagiza ni modeli yenyewe, gundi ya majimaji ya kuungia plastiki na rangi. Kitu kimoja watu wanakisahau: chubwi, vile vizito vya kuzamishia mshipi. Pita kwa wavuvi wa Deep Sea au duka lolote la mishipi na ndoana, nunua chubwi ndogo nne au tano. Tutaona kazi yake muda si mrefu.

Kwanza osha fremu zote (vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande) kwa maji na sabuni ya vyombo, uziache zikauke usiku kucha. Plastiki inatoka kiwandani na mafuta ya kwenye moldi, na rangi ikikalia mafuta hayo itabanduka kama ganda la kitunguu. Usikate vipande vyote kwa pamoja. Namba ziko kwenye fremu, ukishakata umezipoteza. Kata mbali kidogo na kipande, kisha kata tena karibu, na malizia kwa msasa. Ukikata mara moja kwa kubana, plastiki inapasuka na kuacha kidonda cheupe.

Anza na vyumba vya marubani. Toleo hili la Mi-24V lina viwili, mpiga silaha mbele na rubani nyuma juu yake. Rangi ya ndani ni ile ya Kirusi, kijani kinachokwenda kwenye buluu, kama rangi ya maji ya bahari penye mchanga. Viti na paneli vipake sasa, maana bodi ikishafungwa brashi haifiki.

Sasa chubwi. Mi-24 inasimama kwa magurudumu mawili nyuma na mguu wa pua mbele, na mkia wake ni mrefu. Ukiunga bila uzito, siku ya mwisho itakaa kitako na pua juu, na hakuna pa kufungulia. Bana nusu mbili za bodi kwa tepu bila gundi, shikiza mkia na mabawa kwa tepu pia, kisha iweke juu ya penseli mahali magurudumu ya nyuma yatakapokaa. Inaanguka nyuma? Ongeza chubwi puani, chini ya sakafu ya mpiga silaha, hadi ianguke mbele. Halafu ongeza moja zaidi, maana panga na rangi bado. Ponda chubwi kwa nyundo ili zikae vizuri, uzinate kwa supagluu. Hiyo ni metali ya risasi, ina sumu, kwa hiyo nawa mikono, na usiipige msasa.

Kufunga bodi ndipo modeli nyingi zinapoharibika, tusogeze kamera. Gundi ya maji haigandishi kama supagluu. Inayeyusha plastiki pande zote mbili zikawa kitu kimoja. Shikisha nusu mbili, gusa ncha ya brashi kwenye mstari, gundi itakimbia yenyewe ndani. Ngoja sekunde kama 10, kisha bana taratibu. Unaona huu uzi mwembamba wa plastiki laini unaojitokeza kwenye mstari? Huo ndio tunaoutaka. Usiupanguse kwa kidole, utaacha alama za vidole milele. Funga mipira ya noti, uiache saa 24. Ukipiga msasa mapema uzi ukiwa bado laini, leo itaonekana safi, wiki ijayo plastiki itasinyaa na mstari utarudi chini ya rangi. Ikishakauka, msasa 400 wenye maji, kisha 600, kisha 1000.

Mabawa mafupi yanainama kuelekea chini. Yasikutie shaka, ndivyo yalivyo. Wengi huyanyoosha kwa kudhani yamepinda kiwandani.

Vioo usivinate kwa supagluu hata kidogo. Mvuke wake unatua kwenye plastiki angavu na kuacha ukungu mweupe, na unyevu wa pwani unauzidisha. Tumia gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti cha meno. Ikizidi, pamba yenye maji inaitoa. Kisha funika vioo kwa tepu ya karatasi, kata kingo kwa wembe mpya. Pakaa fremu za vioo rangi ya ndani kwanza, ya nje baadaye, ili mtu akichungulia aone kijani, asione rangi ya nje.

Rangi sasa. Hewa ikiwa nzito, unyevu unanasa kwenye rangi inayokauka, nayo inatoka na utando kama maziwa. Huhitaji kipimo: angalia chumvi ya mezani. Kama imelowa na haitoki kwenye kikopo, weka rangi kando, hasa wakati wa masika. Siku njema ni mchana jua likishakaza, si alfajiri wala baada ya magharibi. Kopo la kupuliza liloweke kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 (uvuguvugu, si ya moto, lisilipuke), piga kutoka sentimita 20, anza kupuliza nje ya modeli na maliza nje. Mikono mitatu myepesi inashinda mmoja mzito unaochuruzika. Chini ya tumbo ni buluu hafifu. Juu fuata mchoro wa modeli yako.

Kabla ya alama (stika za kuloweka majini), paka vanishi inayong'aa. Alama ikikaa juu ya rangi kavu isiyong'aa inafungia hewa chini, na pembezoni panang'aa kama mba. Loweka moja moja sekunde 15, iweke kwenye kitambaa dakika 1, kisha isukume ikalie mahali pake. Kama maji yako ni ya kisima chenye chumvi, tumia ya chupa, vinginevyo yatakauka na madoa.

Mapanga tumeyaacha mwisho kwa makusudi. Ni matano, basi kati ya moja na jingine kuna digrii 72. Chora duara na mistari mitano kwenye karatasi, unga juu yake. Tazama kila panga kwa karibu: ukingo mmoja mnene na mviringo, mwingine mwembamba. Mnene ndio unaotangulia. Ukitazama kutoka juu, la Mi-24 linazunguka kwa mwelekeo wa mikono ya saa, kinyume na helikopta ya Huey ya Marekani, kwa hiyo usiige picha ya helikopta nyingine.

Helikopta ikiwa imezimwa, mapanga hulegea kwa uzito wake, lakini kiwandani yanatoka yamenyooka kama rula. Chovya kila moja kwenye maji yaliyochemka sasa hivi, sekunde 10, likunje taratibu kwa vidole hadi ncha ishuke kama milimita 8, kisha litie kwenye maji baridi. Yote matano yalingane na mchoro mmoja. Moja likizidi, jicho linalikamata kutoka mlangoni.

Ekseli ya panga kuu usiigundishe. Ukihamisha modeli unaling'oa na kulifunga peke yake. Na rafu yako isiwe dirishani, jua linazifanya alama kuwa njano, wala chini ya pangaboi.