Kutua Ufukweni, Kisha Kubaki: Uvamizi wa Baharini katika Michezo ya Mikakati

Mhadhara uliotolewa Lamu

Waheshimiwa wazee wetu, walimu, nanyi vijana mliojaa hapa jioni hii, assalamu alaikum.

Nimekuja kutetea hoja moja. Michezo ya kompyuta ya mikakati ya kihistoria huuweka ugumu wa uvamizi wa baharini katika saa ya kutua, ilhali historia, na hii yetu ya Amu, yaani Lamu, ikiwamo, inaonyesha kwamba ugumu wenyewe uko kabla ya kutua na baada yake.

Tazameni Europa Universalis IV, uliotolewa mwaka 2013. Jeshi linaloshuka merikebuni na kupigana papo hapo hupunguziwa alama 2 za dadu inayoamua pigano, na mchezaji hodari huikwepa adhabu hiyo kwa kushukia mkoa wa jirani usio na askari. Crusader Kings III wa mwaka 2020 umeondoa hata haja ya kuunda merikebu: unalipa dhahabu, na jeshi linaelea. Naielewa sababu, kwa kuwa kusimamia vyombo kimoja kimoja kuliwachosha wengi. Lakini bahari inayovukwa kwa fedha tu humnyang'anya mtu wa kisiwani ngao yake ya kwanza.

Hearts of Iron IV, mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia, umekaribia ukweli zaidi. Hauruhusu uvamizi mpaka uwe na nguvu ya kutosha katika maeneo ya bahari utakayopitia, hudai siku za maandalizi, na jeshi lililotua bila kupata bandari hupungukiwa na mahitaji. Ndivyo ilivyokuwa: mwaka 1940 Ujerumani iliahirisha kuivamia Uingereza kwa kuwa haikuidhibiti anga wala bahari, na mwaka 1944 Washirika walivuta bandari za kuundwa hadi Normandy, kwa sababu walijua kwamba askari aliyefika nchi kavu bila chakula, mafuta na risasi ni mateka wa kesho.

Sasa tuje Shela, hapo jirani. Mnamo mwaka 1812 hivi, majeshi ya kisiwa cha Pate na ya Mazrui, watawala wa Mombasa, yalishuka ufukweni pale kuja kuitiisha Lamu. Kutua hakukuwashinda. Kilichowaangamiza, kama wazee wanavyosimulia, ni kwamba waliposhindwa vitani na kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamekupwa na majahazi yamepwelewa mchangani. Kila nahodha aliyeko hapa anajua maji ya bamvua yanavyoondoka: chombo kilichokuwa kinaelea asubuhi hulala ubavu adhuhuri, na hakuna idadi ya watu inayoweza kukisukuma. Sijaona mchezo unaolihesabu jambo hili, nami naliona kuwa pengo kubwa, maana njia ya kurudi ndiyo inayoamua kama kushindwa ni hasara au ni maangamizi.

Msimu nao una hesabu yake. Waomani walipoizingira Fort Jesus, ngome ya Wareno mjini Mombasa, kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, Wareno wa ndani walitegemea msaada kutoka Goa, huko India, na merikebu za Goa hazikuweza kuja Mombasa kila mwezi, zilingoja upepo wa kaskazi.

Liko tatizo jingine ambalo wabunifu wamehangaika nalo sana. Mvamizi huchagua pwani moja, mlinzi analinda zote, na kompyuta inapokuwa mlinzi huwa aidha inauacha ufukwe mtupu au inatawanya jeshi zima kwenye fukwe huku mpaka wa nchi kavu ukivunjwa. Kuongeza adhabu ya dadu hakulitibu hilo. Linalotibu ni habari: merikebu zinazokusanyika bandarini zionekane na wafanyabiashara na wavuvi, ili mlinzi apate majuma machache ya kujipanga.

Wapo watakaosema kwamba visiwa havitatekeka. Hapana. Lamu ilishinda vita vya Shela, na bado ikamwomba Sayyid Said wa Oman ulinzi, kwa sababu ilijua kwamba adui angeweza kurudi. Ushindi wa ufukweni ukazaa gharama ya kisiasa. Mchezo nao umtoze mlinzi vivyo hivyo, na mvamizi, kabla hajapakia askari wa kwanza, aonyeshwe kwenye ramani upepo wa mwezi huo, bandari atakayolishia jeshi lake, na miezi iliyobaki kabla njia ya kurudi haijafungwa.