Baada ya mgao, fedha iende wapi?

Mazungumzo na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Morogoro

Wazee wetu shikamooni. Akina mama, akina baba, vijana, habari za asubuhi.

Mwenyekiti aliniomba nizungumzie uwekezaji. Nimemwomba ruhusa nianzie kwenye mgao, ile siku kikundi kinapogawana akiba na faida ya mwaka, kwa sababu hapo ndipo wengi wenu mnashika fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, mara moja kwa mwaka. Kuna watu husema Mtanzania wa kawaida hajui kuweka akiba. Sikubaliani nao hata kidogo. Mama anayeuza mboga sokoni na bado akanunua hisa tatu za kikundi chake kila wiki, mvua inyeshe jua liwake, ana nidhamu ya fedha ambayo wenye mishahara wengi hawana. Shida yetu iko kwenye zile wiki mbili baada ya kisanduku kufunguliwa. Laki tisa inaingia nyumbani na hakuna aliyeipangia kazi. Inakwenda kwenye kitenge, mchango wa harusi, deni la dukani, shemeji kaja na shida yake. Ukiuliza mwezi wa pili, haipo, na hakuna anayeweza kukuonyesha ilikokwenda.

Kwanza tufanye hesabu ya kikoba chenyewe, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hadi mwisho, maana siku ya mgao huwa tunaishia katikati.

Chukua kikundi cha watu 25. Hisa moja ni shilingi 5,000, kila mmoja ananunua hisa tatu kwa wiki, kwa wiki 48. Kila mtu ameweka 720,000. Kikundi kizima kimeweka milioni 18. Mikopo inatolewa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, na mwisho wa mwaka riba iliyokusanywa ni milioni nne na nusu. Siku ya mgao kila hisa ya 5,000 inalipwa 6,250. Aliyeweka 720,000 anaondoka na 900,000. Faida 180,000, vigelegele vinapigwa.

Hiyo milioni nne na nusu imetoka wapi? Hakuna mgeni aliyeileta. Imetoka kwenu. Igawanye kwa watu 25, unapata 180,000 kila mmoja, ndiyo faida ile ile tuliyoipigia vigelegele. Mwanachama aliyekopa 300,000 akakaa nayo miezi sita amelipa riba 30,000 kila mwezi, jumla 180,000. Siku ya mgao amekabidhiwa 180,000 na amefurahi. Ndugu zangu, amerudishiwa fedha yake mwenyewe. Aliyepata faida ya kweli ni yule ambaye hakukopa, na ameipata kutoka kwa aliyekopa sana. Na nani hukopa sana? Mara nyingi ni yule mtoto wake kalazwa, au mumewe kaachishwa kazi.

Sisemi haya ili mvunje vikundi. Mfumo huu wa kisanduku chenye kufuli tatu na funguo kwa watu watatu ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliofanya kazi na shirika la CARE. Umesambaa Afrika nzima kwa sababu unafanya kazi ambayo benki haijawahi kumfanyia mtu wa kijijini: unapokea shilingi elfu tano, na unakopesha jirani bila kumdai hati ya nyumba. Ninachosema ni kwamba riba ya asilimia 10 kwa mwezi ina maana pale tu mkopo unapokwenda kwenye biashara inayozungusha fedha haraka. Aliyekopa laki tatu akanunua dagaa, akauza, akanunua tena, riba hiyo anaimudu na kinachobaki ni chake. Aliyekopa laki tatu kununua chakula na dawa ameingia kwenye shimo, na sisi wenzake tumegawana shimo lake tukaliita faida. Kwa hiyo kikundi kiwe na mikopo ya aina mbili. Wa biashara uwe na riba. Wa dharura utoke kwenye mfuko wa jamii, ule wa kikundi wa kusaidiana, usiwe na riba hata senti. Faida ya mwisho wa mwaka itapungua, ndiyo. Mimi naona ipungue.

Jambo la pili kuhusu mgao ni tarehe. Kwa nini lazima iwe Desemba? Januari inakuja na sare, madaftari, viatu na ada kwa walio na watoto shule za kulipia. Wakulima wetu wa masika wanahitaji fedha ya kulimia kuanzia mwezi wa pili. Kikundi kinachogawana katikati ya Desemba kinagawana kwa ajili ya sikukuu, hata kama hakuna aliyekusudia hivyo. Sogezeni mzunguko wiki nne tu, muone.

Na mjisajili. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeviweka vikundi vyetu kwenye daraja lake, na usajili unafanyika kwenye halmashauri. Kikundi kisichosajiliwa, mweka hazina akitoroka, mnakwenda kulalamika kama watu binafsi.

Sasa fedha imeshatoka kwenye kisanduku. Watu huniuliza, ni wapi kuna faida kubwa? Nawaomba mtangulize swali jingine: fedha hii nitaihitaji lini? Jibu lake ndilo linalokuambia pa kuiweka. Fedha ya ada ya mwezi ujao haiendi kwenye kiwanja hata kama kiwanja ni cha bei ya kutupa. Fedha ya uzeeni haikai kwenye simu.

Tuseme hutaki kuiweka popote, unaificha kabatini kwa sababu akiba haiozi. Noti inaoza, ila huioni. Desemba 2011 mfumuko wa bei nchini ulifika karibu asilimia 20. Aliyekuwa na milioni kabatini mwaka huo alibaki na noti zake zote, lakini bidhaa alizoweza kununua nazo zilipungua. Miaka ya karibuni kasi imekuwa ndogo sana, kati ya asilimia tatu na tano, lakini haijawahi kuwa sifuri.

Fedha ya kuhitajika ndani ya miezi michache iweke benki, isikupe wasiwasi wa faida. Hapa kuna jambo wengi hawalijui. Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki ndogo tano kwa siku moja. Wenye amana walilipwa kwanza na Bodi ya Bima ya Amana, lakini kikomo wakati ule kilikuwa shilingi milioni moja na nusu kwa kila mtu, na waliokuwa na zaidi walibaki kusubiri mali za benki ziuzwe. Tangu 2023 kikomo ni milioni saba na nusu. Kwa wengi waliokaa hapa kiasi hicho kinatosha kabisa. Lakini sikilizeni vizuri: bima hiyo ni ya benki. Kisanduku chetu hakina bima, wala upatu, wala yule tajiri wa mtaani mnayempa awatunzie.

Fedha ambayo unaweza kuiacha mwaka au zaidi, nendeni UTT AMIS. Ni kampuni ya serikali inayosimamia mifuko ya kuwekeza kwa pamoja, na mfuko wake wa kwanza, Umoja, ulianza mwaka 2005. Unanunua vipande, yaani sehemu ndogo za mfuko, fedha za watu wengi zinachanganywa na kuwekezwa kwenye hatifungani (hati za kuikopesha serikali au kampuni kwa riba), amana za benki na hisa, na thamani ya kipande inatangazwa kila siku ya kazi. Mifuko iko tofauti. Ule wa Ukwasi ni kwa mtu anayeweza kuhitaji fedha yake karibuni, unaomba kuuza vipande na ndani ya siku chache za kazi unalipwa. Mingine inataka subira. Napenda njia hii kwa mtu wa kipato kidogo kwa sababu anaongeza kidogo kidogo kwa simu, na kwa sababu shemeji hawezi kuikopa.

Aliye na milioni moja anaweza kuikopesha serikali moja kwa moja. Benki Kuu inauza hatifungani kwa mnada, na milioni moja ndiyo kiwango cha kuanzia. Unafungua akaunti ya hatifungani kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, na riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza mwaka 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95, yaani 159,500 kwa mwaka kwa kila milioni. Mwaka 2022 serikali ikashusha riba ya toleo jipya hadi 12.56. Aliyenunua la kwanza hakuguswa, anaendelea na yake hadi miaka 25 iishe. Hilo ndilo zuri lake. Ugumu wake ni kwamba ukiihitaji milioni yako mwaka wa tatu, lazima umtafute mnunuzi sokoni, na bei yake inaweza kuwa chini ya uliyolipa.

Hisa za makampuni nitazipitia haraka, si kwa kuzidharau. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliuza hisa zake kwa wananchi kwa shilingi 150. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili, kisha ikateremka, na mwaka 2019 ilikuwa chini ya zile 150 za mwanzo. Baadaye ikapanda tena kupita ilipowahi kufika. Aliyeuza 2019 kwa sababu mtoto anakwenda chuo alipata hasara kwenye kampuni ile ile iliyomnufaisha jirani yake. Hisa ni za fedha ambayo hutaigusa miaka mingi.

Turudi kwenye mambo tunayoyajua kwa mikono yetu. Morogoro ni mkoa wa mpunga. Watu wa Kilombero na Dakawa wananunua mpunga wakati wa mavuno bei ikiwa chini, wanahifadhi, wanauza bei ikipanda. Huu ni uwekezaji kamili, na kwa mtu anayejua ghala na soko ni mzuri kuliko mengi niliyoyataja. Tena unawafaa wenzetu wanaoepuka riba, kwa sababu faida inatokana na kununua na kuuza. Lakini uchukueni na hatari zake. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuuzwa nje ya nchi. Waliokuwa wamejaza maghala wakisubiri wanunuzi wa kutoka nje waliona bei inaanguka badala ya kupanda, na wengi walikuwa wamenunua kwa mkopo. Mpunga wa fedha yako mwenyewe unaweza kuusubiri, au ukaula. Wa mkopo wa asilimia 10 kwa mwezi, wewe ndiye unayeliwa.

Matofali nayo. Najua kila aliyemo humu ana matofali mahali au anayapanga. Siwezi kumlaumu mtu anayejenga kidogo kidogo miaka kumi, ndivyo nyumba nyingi za mji huu zilivyojengwa. Ila mtoto akiugua usiku huwezi kuuza nusu ya ukuta. Kabla ya kununua tripu nyingine ya mchanga, hakikisha kuna fedha ya miezi mitatu ya chakula na matibabu mahali unapoweza kuifikia kesho asubuhi. Na kiwanja usilipe kabla ya kufika ofisi ya mtaa na ardhi, na kuzungumza na majirani wa pande zote. Majirani hujua kiwanja kimeuzwa mara ngapi.

Kuna kitu kimoja nitakisema kwa ukali. Wengi mnakumbuka DECI. Ilikuwa mwaka 2009. Watu walialikwa kupanda mbegu, yaani fedha zao, na kuvuna mara mbili au zaidi baada ya muda mfupi, lugha ilikuwa ya kanisani, na wa mwanzo walivuna kweli. Hapakuwa na shamba. Mavuno ya wa kwanza yalikuwa mbegu za waliofuata, na serikali ilipoingia milango ikafungwa. Tangu hapo jina linabadilika, leo inakuja kwenye simu, ina kikundi cha WhatsApp, unalipwa kwa kutazama video au kuleta watu wawili. Mkiletewa, ulizeni swali lile lile tuliloliuliza kwenye kikoba chetu: faida hii inatoka wapi? Kwenye kikoba jibu lipo, tena tunaliona kwenye daftari. Asiyeweza kukujibu kwa sentensi moja bila kutaja wanachama wapya, ondoka. Hata akiwa mchungaji wako au shehe wako, hata akiwa dada yako wa tumbo moja.

La mwisho ni jambo ambalo hatupendi kulizungumza. Akina mama wengi mna akiba ambayo hakuna mtu nyumbani anayeijua, na naelewa sababu zake, sitawaambia muitangaze. Lakini fomu ya vipande ina nafasi ya kuandika mrithi, na kikundi chenu kinaweza kuweka nafasi hiyo kwenye daftari. Iandikeni. Andikeni jina kamili na namba ya simu, na mtu mmoja mnayemwamini ajue karatasi ziko wapi. Familia nyingi zinahangaika na mirathi ya fedha ambayo mwenyewe angeimaliza kwa dakika tano za kalamu, na mara nyingi wanaokosa ni watoto wadogo.

Nimesema mengi, nanyi mna maswali. Mama aliyekaa karibu na mlango alinyoosha mkono tangu nilipotaja asilimia 10, aanze yeye. Atafuata mzee hapa mbele, nadhani ana la kusema kuhusu mpunga.