Kusafisha filamu nyumbani maji yakiwa na joto: muda upunguzwe kiasi gani?

Haya, karibuni. Leo tuna filamu ya Ilford HP5 Plus, milimita 35, nyeusi na nyeupe, na dawa ya kusafishia ya ID-11. Jedwali la kiwandani linataka dakika 7 na nusu, lakini hizo ni kwa nyuzi 20. Fungua bomba la Dar es Salaam mchana wa Januari uone kama utaipata hiyo 20.

Tumbukiza kipimajoto kwenye dawa yenyewe, usubiri kitulie. Hii inasoma 29. Weka chupa kwenye beseni lenye maji na barafu za mfuko. Barafu isiguse dawa. Ikishuka hadi 26 inatosha, tusihangaike.

Sasa hesabu. Kanuni ya Ilford: dakika 4 kwa nyuzi 20 ni sawa na dakika 3 kwa nyuzi 23. Yaani joto likipanda nyuzi tatu, toa robo ya muda. Zile 7 na nusu zinabaki 5 na sekunde 38 kwenye 23. Kwenye 26, dakika 4 na sekunde 13. Simama hapo. Chini ya dakika 5 dawa haiwahi kufanya kazi sawasawa, utaona mawingu ambayo siku ile hayakuwepo.

Kwa hiyo tunaizimua: mililita 150 za dawa, 150 za maji, halafu pima joto tena. Jedwali sasa linasema dakika 13. Toa robo, 9 na sekunde 45. Toa robo tena, 7 na sekunde 20 hivi. Ndiyo yetu.

Mimina kwenye tangi lenye filamu, washa saa. Geuza tangi mara nne ndani ya sekunde 10, ligonge mezani viputo vitoke. Rudia kila dakika ikianza, na usizidishe, maana kutikisa sana ni sawa na kuongeza muda. Sekunde 10 kabla ya mwisho, anza kumwaga. Dawa iliyozimuliwa haitumiki mara ya pili. Fiksa, yaani dawa ya kuifanya picha idumu, na maji ya kusuuzia navyo viwe karibu na 26.

Filamu ikikauka, tazama namba za pembeni. Hizo kapiga kiwanda, kamera yako haihusiki. Zikiwa zimefifia, ongeza muda safari ijayo. Zikiwa nyeusi vizuri lakini picha hafifu, mwanga ulikuwa mdogo wakati wa kupiga; muda usiuguse. Kwenye filamu mwanga na giza hugeuzana, kwa hiyo anga huwa nyeusi; ikiwa nyeusi tii hadi haipitishi taa, punguza asilimia 10: dakika 6 na sekunde 36.